Ukurasa wa Dawa ya Meno

Katika miaka ishirini na miwili ya kuosha majeraha ya moto, muuguzi mmoja ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Bandeji alikwisha kuona kila kitu ambacho binadamu mwenye hofu anaweza kumpaka mwenzake aliyeungua. Mafuta ya kupikia, unga, majivu, yai bichi, wino wa kalamu. Aliwahi kupokea mzee aliyepakwa grisi ya baiskeli na shemeji yake, na alipouliza kwa nini grisi, shemeji alijibu bila haya kwamba ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini hivyo vyote vilikuwa vya mara moja moja. Kilichoongoza, mwaka hadi mwaka, ni dawa ya meno.

Dawa ya meno aliichukia kama mtu anavyomchukia mpangaji mbaya. Ikikauka juu ya ngozi iliyoungua inashika kama plasta ya ukuta. Kuitoa ni kumtesa mgonjwa mara ya pili, na mpaka uitoe huwezi kujua jeraha limeingia kiasi gani. Kila alipouliza, "Nani kakwambia upake hii?" majibu yalikuwa yale yale: jirani, wifi, watu wanasema.

Kwa hiyo kliniki ilipofungua tovuti yake, Mama Bandeji aliandika ukurasa kwa mkono wake, karatasi mbili za daftari pande zote, na karani wa mapokezi akauchapa. Ulikuwa ukurasa wa kweli tupu. Kichwa chake kilisema "Mwongozo wa Huduma ya Awali kwa Majeraha Yatokanayo na Joto", na kwa miaka minne hakuna aliyeusoma isipokuwa yeye, karani, na mtu mmoja aliyekuwa akitafuta habari za pasi ya umeme.

Daktari mwenye kliniki ndiye aliyechoka kwanza. Alitaka mtu akiandika tatizo lake kwenye simu, jina la kliniki litokee juu, si kwenye ukurasa wa tatu ambako hakuna anayefika. Mama Bandeji akasema, "Mkwe wangu anafanya kazi hiyo."

Mkwe mwenyewe alikuwa mume wa binti yake wa pekee, mtu wa miaka thelathini na mitano, mpole, mwenye adabu zake. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kukunja nne mbele ya mama mkwe wake wala kupokea simu akiwa mezani kwake. Wenzake walimwita Namba Moja, kwa kuwa hiyo ndiyo ahadi aliyompa kila mteja. Mama Bandeji alijivunia kumpendekeza. Alimtambulisha kwa wafanyakazi kana kwamba amemzaa yeye.

Siku ya kueleza mkakati wake, Namba Moja alisimama mbele ya ukuta mweupe wa chumba cha mikutano, kompyuta imeunganishwa, na kuzungumza kwa sauti ya chini.

"Tatizo la tovuti hii ni kwamba inaongea kidaktari," alisema. "Anayetafuta haongei kidaktari. Mkono mmoja ana simu, mkono mwingine ana mtoto anayelia. Anaandika kile anachokijua. Tazameni."

Akawaonyesha orodha ya maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. La kwanza kabisa, likiyaacha mengine mbali, lilikuwa "kuungua dawa ya meno".

Mama Bandeji alitikisa kichwa kwa kukubali. Hakuna mtu chumbani mle aliyelijua hilo kuliko yeye. "Basi tuwajibu hao," alisema.

"Tutawajibu, Mama."

Naye akarudi kwenye beseni lake akiwa ametulia, maana kazi ilikuwa mikononi mwa mtu wa nyumbani. Hakusoma kilichoandikwa. Kwa hilo alijilaumu baadaye kuliko yote.

Baada ya miezi miwili tovuti ilikuwa imepaa. Wagonjwa walijaa mapokezi hadi karani akaomba mabenchi mawili ya ziada. Daktari alimsimamisha Namba Moja mbele ya wafanyakazi, akamshika mkono, akamsifu, na katika makofi yaliyopigwa siku hiyo, ya Mama Bandeji ndiyo yaliyosikika zaidi.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, aliingia mwanamke mshonaji, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, amembeba binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amevuta waya wa birika la umeme. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ulikuwa mweupe pe.

Mama Bandeji alivaa glovu. Alimpa mtoto dawa ya maumivu, akasubiri ifanye kazi, kisha akaanza kulowesha ile dawa ya meno na kuitoa kidogo kidogo. Ilikuwa imeshikana na malengelenge. Kila kipande kilichotoka kilitoka na ngozi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu. Mshonaji alimshikilia mwanawe huku uso ameuelekeza ukutani.

Muuguzi akauliza, kama alivyouliza mara elfu, "Nani kakwambia upake hii, mama?"

Mshonaji akageuka. "Ninyi," alisema.

"Sisi nani?"

"Ninyi hapa. Ndiyo maana nimemleta hapa. Nilisema waliojua kunipa dawa ya kwanza watajua na ya pili."

Kwa mkono mmoja akatoa simu kwenye pochi, akaigusa mara mbili na kuigeuza. Juu kabisa, ndani ya kisanduku kilichotengwa na majibu mengine, kulikuwa na maneno makubwa: "Faida saba za dawa ya meno kwa aliyeungua. Hupoza ngozi. Hupunguza maumivu. Huzuia malengelenge." Chini yake, jina la kliniki na nembo yake.

Mama Bandeji alisoma mara mbili. Alimaliza kuosha, akaweka shashi, akafunga bandeji taratibu, akamwelekeza mshonaji arudi Alhamisi. Alivua glovu, akanawa, akajifuta kila kidole. Kisha akatoka.

Namba Moja alikuwa ofisini kwa Daktari, wanatazama grafu. Aliposikia mlango aliinuka, kama kawaida yake. "Shikamoo, Mama."

Mama Bandeji hakuitikia marahaba. Karani, aliyekuwa akipita korido na mafaili, alisimama pale pale alipokuwa.

"Nani aliandika kwamba dawa ya meno huzuia malengelenge?"

Mkwe alitazama chini, kisha kwenye kompyuta. "Mama, ule ukurasa ukiusoma hadi mwisho, imeandikwa kwamba wataalamu hawashauri."

"Mwisho ni wapi?"

"Aya ya ishirini na sita."

"Aya ya ishirini na sita," alirudia. "Mtoto analia, anaungua, mama yake anasoma aya ishirini na tano kwanza."

"Mama, naomba nieleze. Mtu akitafuta kitu, ukianza kumwambia hapana, anaondoka. Anakwenda kwenye tovuti nyingine inayompa anachokitaka. Mtandao unaona ameondoka, unatushusha. Kwa hiyo unamkaribisha kwanza, unamweka, halafu pole pole unamwelekeza kwenye ukweli."

"Mpaka aelekezwe, mkono umeshapakwa. Nimetoka kuubandua sasa hivi. Ondoa."

Daktari akaingilia kati. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa ugomvi, na mapenzi yake kwa ile grafu yalikuwa bado mapya. "Mama Bandeji, jambo hili ni zito, nakubali. Tuliweke kwenye kikao cha Ijumaa, tulitazame kwa utulivu. Ule ukurasa ndio unaoleta nusu ya watu wote. Na tafadhali, sauti."

Hakuwa amepaza sauti. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa ameongea kwa sauti ile ile anayoagizia shashi, na bado aliambiwa apunguze, kana kwamba kinachoumiza masikio si maneno yaliyoandikwa bali mwanamke anayeyasema.

"Ijumaa ni siku tatu," alisema. "Niambie nifanye nini na watakaokuja Jumatano."

Akatoka na kuuacha mlango wazi, jambo ambalo katika ofisi ile lilikuwa kama tusi.

Mchana, akiwa amekaa kwenye stuli ya chumba cha kuchemshia vyombo, simu ikalia. Ni binti yake.

"Mama, kwa nini umemfanyia hivi? Ungemwita nyumbani mkazungumza. Umemvua nguo mbele ya bosi wake, mbele ya karani."

"Kuna mtoto leo nimemvua ngozi, mwanangu. Ana miaka mitatu. Yeye hakupata nafasi ya kuitwa nyumbani."

"Ni mkweo, Mama."

"Najua ni mkwe wangu. Angekuwa mtu baki nisingekasirika hivi."

Binti alikata simu. Kwa siku mbili hawakuzungumza, nao walikuwa watu wa kupigiana kila siku hata kama hakuna la kusema.

Alhamisi mshonaji alirudi kwa ajili ya kubadilisha bandeji. Kabla ya kuanza, Mama Bandeji alimketisha na kumwambia ukweli wote, kwamba aliyeandika maneno yale yupo katika jengo hili hili, na kwamba ni mume wa binti yake. Akamwuliza kama anakubali aitwe.

Mshonaji alifikiri. "Aje," alisema.

Namba Moja alipoitwa hakuuliza ni kwa nini. Mama mkwe alimwelekeza kwenye sinki. "Nawa hadi kwenye kiwiko. Vaa glovu hizi. Utashika beseni." Alisema hivyo tu. Na mkwe, ambaye kwa mtu mwingine yeyote angepata kisingizio, hakupata kisingizio cha kumpa mama wa mkewe. Akashika beseni.

Bandeji ilipofunguliwa, mtoto alianza kulia kabla ya kuguswa, maana alikwisha kukijua chumba. Chini ya shashi mkono ulikuwa mwekundu, umelowa, na sehemu mbili zilizopoteza ngozi zilionekana kama ramani. Vipande vya shashi vilidondoka kwenye beseni kimoja kimoja. Maji yakaanza kucheza kwenye beseni.

"Shika vizuri," alisema mama mkwe bila kumtazama.

Mshonaji ndiye aliyemtazama. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unajua haifai?"

Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kutaja aya ya ishirini na sita. "Nilikuwa najua," alisema.

"Basi kwa nini hukuanza na hapo?"

Namba Moja aliinamia beseni.

"Mimi nasoma," mshonaji aliendelea. "Usidhani sijui kusoma. Napokea oda za watu kwa maandishi kila siku. Lakini alikuwa analia hivi hivi unavyomsikia, nikasoma mstari wa pili nikakimbilia bafuni. Wewe ungesoma mpaka mwisho?"

"Nisingesoma."

"Haya." Akageuza uso. Hakumtukana wala hakumsamehe. Alimfuta mwanawe makamasi kwa ncha ya khanga, akamngojea muuguzi afunge fundo la mwisho.

Walipoondoka, mkwe alikuwa bado amesimama na beseni. Mama Bandeji alimpokonya. "Sasa nenda ukaufute ule ukurasa. Usimngoje Daktari."

"Mama, tusiufute."

Alimgeukia kwa macho ambayo yangemfanya karani aache kazi. Namba Moja alirudi nyuma hatua moja lakini hakunyamaza.

"Tukiufuta, watu hawataacha kuandika yale maneno. Kesho wataandika vile vile, 'kuungua dawa ya meno', na juu kitatokea kisanduku cha tovuti nyingine inayosema paka. Nimezitazama, Mama, ziko kumi na tatu, zote zinasema paka. Pale juu sasa hivi tumekaa sisi. Tukiondoka tunawaachia wao. Tubaki pale pale, na maneno yale yale wanayoyatafuta, ila cha kwanza wanachokiona kiwe hapana."

Mama Bandeji alitafuta mahali pa kumkosoa asipate, na hilo lilimwongezea hasira badala ya kuipunguza. Mtu huyu alikuwa anajua kazi. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Akili hii yote ilikuwemo kichwani mwake siku ile aliposimama mbele ya ukuta mweupe, na aliitumia kwa grafu.

"Keti," alisema. "Andika."

Walikaa kwenye meza ya dawa, kompyuta katikati ya chupa za maji ya chumvi. Mkwe akamwuliza, "Mama, mtu akikupigia simu mtoto ameungua sasa hivi, unamwambiaje?"

"Namwambia usipake kitu chochote. Mpeleke kwenye bomba. Maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika ishirini kamili kwa kutazama saa. Vua bangili na nguo kama havijashikana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, mlete."

"Hivyo hivyo, Mama. Usiongeze."

Kichwa kikawa: "Dawa ya meno kwa aliyeungua: usipake." Mistari mitatu ya kwanza ikawa ile ile aliyoitamka, bila mapambo. Karani alikwenda kumwita Daktari. Daktari alisoma akiwa amesimama, akashika kidevu. "Tutashuka," alisema.

"Tukishuka nitawajibika mimi," alisema Namba Moja.

"Ulipandisha peke yako, na kushuka utashuka peke yako, sawa," alisema Daktari, nusu utani, na hakuna aliyecheka.

Ingekuwa hadithi ya kufurahisha, mambo yangeishia hapo. Lakini tovuti ilibadilika Alhamisi ile ile jioni, na kisanduku cha juu hakikubadilika. Ijumaa Mama Bandeji aliandika maneno yale kwenye simu yake: "Faida saba za dawa ya meno." Jumamosi vile vile. Ukikigusa unaingia kwenye ukurasa mpya unaosema usipake, lakini nani anagusa? Jibu la zamani limekaa nje mlangoni linapokea wageni.

"Mbona bado?" alimpigia mkwe.

"Mtandao haujausoma upya, Mama. Nimeshatuma ombi."

"Ombi kwa nani?"

"Kwa mashine."

"Hiyo mashine haina mtu wa kupigiwa simu?"

"Haina, Mama."

Hiyo ilikuwa aina ya hasira asiyoizoea. Jirani mjinga unaweza kumpa vidonge vyake. Wifi unaweza kumkalisha chini. Lakini kitu hiki kilichukua uongo kwa siku chache tu, kikaufanya jibu la watu wote, na sasa ukweli ulikuwa umepanga foleni nje ukisubiri kuitwa. Jumatatu aliletwa mpishi wa hoteli, viganja vyote viwili vyeupe. Jumatano, mtoto wa miezi kumi, paja. Mama Bandeji hakuuliza tena nani kawaambia. Aliwaomba msamaha kabla hawajasema kitu, na mama wa yule mtoto mchanga akamshangaa, hakuelewa muuguzi huyu anaomba msamaha wa nini.

Kila mara alipomaliza, alimpigia mkwe na kusema neno moja. "Kiganja." "Paja." Kisha anakata.

Siku ya kumi na moja, Jumatatu saa nne, aliandika tena na kisanduku kikasema: "Usipake kitu chochote. Mpeleke kwenye bomba." Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya watu wawili asiowajua, akasoma mistari ile mitatu. Alidhani atafurahi. Badala yake alifikiri jinsi ilivyokuwa mifupi, jinsi ingeweza kuandikwa siku ya kwanza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na machozi ya hasira yakamlenga hadi akalazimika kurudi chumbani.

Kwenye kikao cha Ijumaa ya wiki hiyo Daktari alionyesha grafu. Ilikuwa imeporomoka, kisha imeanza kuinuka tena polepole. Alisema kliniki imejifunza mengi, akawashukuru wote, na wafanyakazi wakapiga makofi. Mama Bandeji hakupiga. Alisubiri yaishe, akasimama, akaweka karatasi mbele ya Daktari. Iliandikwa sentensi moja, kwamba hakuna ukurasa wowote wa matibabu utakaowekwa kwenye tovuti bila sahihi ya mtu anayeyafanya matibabu hayo kwa mikono yake.

"Tutaiingiza kwenye mipango ya mwaka," alisema Daktari.

"Tia sahihi."

"Mama Bandeji, si lazima leo."

"Kuna watu wanne koridoni wanangojea kufungwa vidonda. Nimewaambia nakuja ukishatia sahihi. Usipotia, utakwenda kuwafunga wewe."

Daktari alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Karani alikuwa anatazama meza. Namba Moja alichomoa kalamu yake mfukoni, akaisukuma mbele ya Daktari kwa kidole. Daktari akatia sahihi, shingo upande.

Tovuti ilikuwa na kurasa arobaini na moja za matibabu. Jumamosi Namba Moja alifika kwa mama mkwe wake na kurasa zote zimechapwa, bunda chini ya kwapa, amefuatana na mkewe. Binti aliweka chai mezani bila kusema zaidi ya salamu, akaenda kukaa barazani na gazeti ambalo halikufunuliwa ukurasa hata mmoja.

Mama Bandeji alivaa miwani. Mkwe alisoma kwa sauti, naye akakata kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kidonda cha kisukari ulikuwa na majani yasiyojulikana. Toa. Wa homa ya mtoto ulichelewa kusema lini akimbizwe hospitali. Pandisha juu, uwe mstari wa kwanza. Wa kuumwa na mbwa ulianza na historia ya mbwa. Hapo binti, barazani, alicheka kidogo bila kukusudia, kisha akaingia na kuongeza chai bila kuombwa. Safari hii alivuta kiti akaketi, upande wa mumewe lakini karibu na mama yake.

Jua lilipoanza kulala walikuwa wamemaliza kumi na tisa. Namba Moja aliweka karatasi chini, akajinyoosha mgongo, akauliza bila kuinua macho, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Ndiyo," alisema Mama Bandeji. "Soma wa ishirini."